Prosesa Huulizwa, Mfumo Hujibu

Programu yoyote inapotaka kuingizwa katika tarakilishi, aghalabu hutangulia kuuliza: mashine hii ina prosesa ya aina gani? Swali hili halina budi kuulizwa, kwani maagizo yaliyoundiwa prosesa ya Intel hayaeleweki kwa prosesa ya ARM, na ya biti 64 hayatekelezeki katika prosesa ya biti 32. Ajabu ni kwamba anayejibu, mara nyingi, si prosesa. Mfumo endeshi ndio unaojibu, nao hujibu kwa lahaja yake.

Katika Linux, amri ya uname -m hutoa jibu x86_64 kwa prosesa za kawaida za Intel na AMD za biti 64. Windows, kwa prosesa iyo hiyo, husema AMD64, hata kama chombo kimeundwa na Intel! Asiyejua historia atadhani pana kosa. La hasha. AMD ndiyo iliyobuni upanuzi huo wa biti 64 na kuuingiza sokoni mwaka 2003. Intel ikaufuata mwaka 2004, na jina la mzazi likabaki. Prosesa za ARM nazo ni aarch64 kwa Linux na arm64 kwa macOS. Mwanafunzi wa isimu hatastaajabu, kwani anajua kuwa "ndoo" ya Mvita ni mwito, ilhali ya Nairobi ni chombo cha maji. Basi waundaji wa zana huandaa orodha za visawe. Mradi wa GNU unayo hati iitwayo config.guess, ambayo jina lake lenyewe linakiri kuwa kazi yake ni kukisia.

Visawe, hata hivyo, ni tatizo dogo. Zito zaidi ni jibu linalobadilika kwa kumtazama muulizaji. Katika Windows ya biti 64, programu ya biti 32 ikiuliza huambiwa x86. Ukweli umehifadhiwa kando, chini ya jina PROCESSOR_ARCHITEW6432, kwa anayejua pa kuutafuta. Apple nayo ilipoanza kuuza tarakilishi zenye prosesa ya M1 mnamo Novemba 2020, iliweka mkalimani aitwaye Rosetta 2. Programu ya Intel inayoendeshwa kupitia kwake ikiuliza iko wapi, hujibiwa x86_64, kana kwamba haijatoka nyumbani. Ni lazima iulize swali la pili, sysctl.proc_translated, na ikipata jibu 1 ndipo ijue kwamba inatafsiriwa.

Je, haya yanamhusu nani asiyekuwa fundi? Yanamhusu mwanafunzi mwenye tarakilishi kuukuu na tasnifu iliyobakiza sura moja. Mmoja wa aina hiyo, msomi wa fasihi, aliambiwa kwamba mashine yake imepitwa na wakati: kila programu mpya iliikataa, na uname -m ilijibu i686, yaani biti 32. Hukumu hiyo si nyepesi siku hizi. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za x86 za biti 32. Alishauriwa anunue nyingine, kwa fedha ambazo hakuwa nazo.

Lakini i686 ilikuwa sifa ya mfumo uliopachikwa humo, si ya prosesa. Katika faili ya /proc/cpuinfo, kwenye safu ndefu ya vifupisho ambayo wachache huisoma, mlikuwa na herufi mbili: lm. Hizo huashiria kwamba prosesa inamudu biti 64. Zana iliyoikataa haikudanganya. Iliuliza ni programu zipi zinazoweza kuendeshwa humo kwa wakati ule, ikajibiwa ipasavyo. Haikuuliza mashine inaweza nini. Mwenyewe alinakili sura zake pembeni, akaufuta mfumo wa zamani na kupachika wa biti 64. Mashine ni ile ile, na ingali na uzito wake wa tofali. Alipoirudia amri, ilijibu x86_64.