Meza za Kipushi

Toka Lubumbashi mpaka Kipushi ni kilometa 30 hivi, pale mpakani na Zambia. Mgodi wa huko ulifungwa mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Katikati ya miaka hiyo yote, jamaa nyingi zilikula kwa nguvu ya meza ya mama.

Meza yenyewe si kitu kikubwa: mbao mbele ya nyumba, chumvi, mafuta katika chupa ndogo, sabuni iliyokatwa vipande, makala katika mifuko. Unga unapimwa kwa meka. Asiye na franka za meka nzima anapewa nusu.

Nilikaa kwa mama mmoja tangu asubuhi. Kazi yake ngumu si kuuzisha, ni kukataa. Mtoto wa jirani alikuja na sahani mkononi: "Mama anasema umupatie meka moja, baba akipata mshahara atalipa." Akikataa, ataitwa mchoyo. Akikubali kila mara, atakosa franka za gunia lingine, na batoto bake wane watafukuzwa masomo kwa ajili ya minervali.

Alipima nusu, akaandika katika kaye. Majina mengi yalikuwa yamekatwa kwa kalamu.

"Hawa balilipa?"

"Hapana. Hawa balihama. Huyu alikufa."

Bwana yake, mfanyakazi wa zamani wa mgodi, alikuwa anakunja magunia matupu. Akaniambia: "Zamani ni mimi nilikuwa naleta mposho ku nyumba. Leo mposho ni yeye."

Mama akamwambia aache maneno, aende kutafuta unga, watu wanangoja.