Ufunguo wa Sanduku la Barua

Tulivuka kutoka Mokowe kwa mashua ya injini, akina mama tisa wa chama chetu cha kanisani, leso mabegani kwa heshima ya mji. Wengine walitaka ngome. Sisi wauguzi, tuliozoea zahanati za mbali ambako barua ni kama mgeni, tuliomba tuanze na ile posta ya Wajerumani.

Ni nyumba ya mawe katika njia nyembamba ya Lamu, na leo ni makumbusho. Wajerumani waliifungua tarehe 22 Novemba 1888. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wamepatana na Sultani Ahmed wa Witu mwaka 1885, na nchi yake ikawekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Mji wa Witu uko bara, basi barua zake zilipitia Lamu. Stempu zilikuwa zile zile za Ujerumani. Kilichotambulisha mahali ni muhuri: LAMU OSTAFRIKA. Mwaka 1890 Ujerumani iliwaachia Waingereza Witu, na Machi 1891 posta ikafungwa. Mtoto aliyezaliwa siku ya kufunguliwa alikuwa hata hajamaliza kliniki!

Lakini maongezi yetu yalihamia kwenye masanduku ya barua, yale ya namba na vitasa tunayoyajua sote, kwa kuwa kwetu tarishi hapiti nyumba kwa nyumba. Kijiji kizima kilitumia sanduku la kanisa au la shule.

Mkubwa wetu, aliyekwisha kustaafu, akatusimulia. Mwaka 1978 alingojea barua ya kuitwa chuo cha uuguzi. Mwenye ufunguo wa sanduku alikwenda matangani, akakaa majuma mawili. Barua ilipotoka, siku ya kuripoti ilikuwa imepita. Baba akasema basi, aolewe. Mama akauza kuku wanne, akamtia binti kwenye basi. Huko chuoni matroni aliigeuza bahasha, akasoma tarehe ya muhuri, akaona ilipelekwa posta juma moja tu kabla ya kufungua. Akampa kitanda.

Kwa mshahara wake wa kwanza alikodi sanduku lake mwenyewe. Bado analilipia kila mwaka, ingawa wanawe humpigia simu. Palepale mlangoni alifungua pochi, akatuonyesha ufunguo, umefungwa uzi wa kushonea vidonda.