Tulipokesha kusubiri vimondo Lushoto

Usiku wa kuamkia Desemba 14, mimi na mama tulitandika mkeka uani kwa bibi, Lushoto. Huo ni miongoni mwa usiku wenye vimondo vingi zaidi kwa mwaka, vinavyoonekana kama vinatoka kwenye nyota za Mapacha. Ni chembechembe zilizomeguka kutoka Phaethon, jiwe kubwa linalozunguka jua, nazo huwaka zikiingia kwenye anga la dunia.

Lakini hadi saa nane usiku mawingu yalikuwa yametanda Usambara yote.

"Mama, twende tukalale. Baridi hii si nzuri kwako."

Akakataa. Septemba alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na tangu hapo hataki kupitwa na kitu. Kabla ya hapo, miaka miwili mizima, mimi ndiye niliyemsomea hata ujumbe wa simu.

Macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza. Mimi, ninayeandika habari za afya, nikawasha simu kutazama saa. Papo hapo wingu likaachia upenyo.

"Kile pale!" mama akapaza sauti.

Nilipoinua uso, sikuona kitu.

"Pole, mwanangu," akasema huku akicheka. "Leo nimekuonea mimi."