Mfuko wa kuvuka nao ziwa

Siku ya posho nilimwaga vitu vyangu vyote juu ya kitanda. Siku ya kwanza nilipaswa kushuka Tchomia kwa njia ya Bogoro na Kasenyi, kisha kuvuka Ziwa Albert kwa mtumbwi wa motere mpaka Sebagoro, upande wa Uganda, niongee na jamaa zetu walioko kambini Kyangwali. Rekoda, batri, daftari, karte ya mpiga kura: kila kitu ndani ya sashe mbili, na fundo la nguvu. Na jile moja ya kuelea, ya rangi ya machungwa.

Tulipokuwa tunasoma uandishi wa habari, mwenzetu aliyewahi kufika Zanzibar alitusimulia kwamba wageni kule wanabeba miwani ya maji na bomba ya kupumulia, wanalaza uso baharini ili watazame samaki. Tulicheka sana. Kwetu, mwenye kufunga mzigo wa ziwani haombi kuona chini.

Jile yangu niliijaribu kwanza ndani ya beseni. Fanyeni hivyo, wapenzi wasikilizaji. Izamisheni majini, wekeni jiwe juu usiku mzima, asubuhi ondoeni jiwe. Ikipanda, ni nzuri. Ikikaa chini, ndani kuna sifongo ya godoro, nayo inakunywa maji. Vuteni kamba zote na vifungo. Na ivaliwe tangu ufukoni! Wengi wanaikalia kama kiti, na upepo ukigeuka hakuna tena wakati wa kuitafuta. Buti za mvua ziache mfukoni, zikijaa maji zinakuzuia kuogelea.

Nikiwa katika kazi hiyo, mama jirani akaingia. Yeye ni mhami wa vita kutoka Djugu. Mwanzoni mwa 2018, makumi ya maelfu ya watu walipovuka ziwa kukimbia mauaji, naye alikuwa kati yao na watoto wanne.

"Mwanangu, hiyo jile ni moja tu?"

"Moja tu, mama."

Akakaa. Akanieleza alivyofunga mzigo wake: sufuria, blanketi, unga. Katikati ya ziwa wakaambiwa watupe mizigo. Alitupa sufuria, alitupa unga. Hakutupa bidoni mbili tupu, zenye vifuniko vya kukaza, alizofungia watoto wadogo kwa kitenge.

Kisha akasema binti yake mkubwa atavuka siku ya tatu, pamoja na mtoto wa miezi saba, kumfuata mume wake Kyangwali. Hakuniomba kitu. Alitazama tu kitanda.

Mimi nikakumbuka tarehe 22 mwezi wa 3, 2014. Wakimbizi wetu walikuwa wanatoka Kyangwali kurudi nyumbani, mtumbwi ukazama, watu zaidi ya 200 wakafa. Wakati ule nilikuwa kwenye stage redioni. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu, na watu walipiga mpaka usiku wakitaja majina, wengine jina moja mara tatu, kama vile sikuliandika vizuri.

Nikamwambia, "Mama, nami nitavuka siku ya tatu."

Redioni hawakufurahi na kuchelewa kwangu. Sawa.

Asubuhi ile dada alivaa jile, mtoto akambeba mbele, mikononi. Mama alikuwa amemkataza kabisa kumfunga mgongoni: mtumbwi ukipinduka, fundo la kitenge halifunguki haraka. Jile ya mtu mzima nayo ingemponyoka mtoto. Mimi nilikaa nyuma na bidoni mbili za lita tano chini ya makwapa, wasafiri wakinicheka. Mzee mmoja aliniuliza kama naenda Uganda kutafuta mafuta ya kupikia. Tulipopoteza ufuko kwa macho, akaacha kuniuliza, akashika mkono wa bidoni moja.

Jile nimeiacha Kyangwali, dada atarudi nayo. Bidoni nilirudi nazo. Ziko kwa mama jirani sasa, amezijaza maji ya kunywa.