Kamba ya Baba Mkubwa na Reli ya Meta Moja

Kama hujapata kufika Endamarariek, panda gari Karatu mjini asubuhi na mapema, kabla jua halijaigeuza barabara kuwa vumbi tupu, nawe utaingia katika nchi ya mahindi, ngano na mbaazi, ambako dereva husimama kuwapisha ng'ombe bila kupiga honi. Siku isiyo na ukungu utauona mlima Oldeani umejiinua mbele ya macho yako. Kitu kimoja hutakisikia huko, nacho ni mlio wa treni. Reli iliyo karibu ni ya Arusha, mwendo wa kama kilometa 160, na wapo wazee wa kijiji wasiopata kuiona katika maisha yao yote.

Hata hivyo ni katika kijiji hicho nilikopewa kazi ya kupima reli za Ulaya. Baba yangu mkubwa aliwahi kuwa fundi wa njia katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, katika kipande cha kutoka Kahe hadi Taveta. Mwaka 2022 nilikwenda kumuaga, kwa kuwa nilikuwa nimepata mafunzo ya wiki mbili mjini Milan, Italia. Baada ya kuniitikia shikamoo yangu aliingia ndani, akatoka na kamba ya katani yenye mafundo mawili.

"Mwanangu," akasema, "nasikia huko ziko treni ndogo zinazopanda milima ya theluji kwa umeme na kuvuka mpaka. Ukizipata, weka fundo moja upande wa ndani wa chuma hiki, na la pili upande wa ndani wa chuma cha pili. Kisha uje uniambie imezidi kiasi gani."

Kati ya mafundo yale ni meta moja kamili, upana wa reli yetu.

Nafasi niliipata siku ya Jumapili. Kutoka Milan nilipanda treni ya kawaida iliyopita kando ya ziwa Como hadi mji mdogo wa Tirano, na hapo nikaiona stesheni ya pili ya treni nyekundu, ndogo, iendayo St. Moritz nchini Uswisi, umbali wa kilometa 61. Kwanza sikuamini kwamba kile kilikuwa chombo cha kuvukia milima. Treni hiyo hukatiza uwanja wa mji mbele ya kanisa, pikipiki na magari yakiisubiri, kana kwamba nayo ni daladala tu. Palepale barabarani, treni ikiwa imekwisha kupita, niliinama nikatandika kamba yangu. Bibi mmoja aliyebeba mkate alisimama kunitazama. Mafundo yalikaa sawasawa. Haikuzidi hata unene wa kucha.

Dakika chache baada ya kuondoka Tirano tulivuka mpaka. Nilikuwa nimekwisha kuishika pasi yangu mkononi, lakini hakuna aliyeiomba. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ila tangu mwaka 2008 imo katika mapatano ya Schengen, na abiria hawakaguliwi pasi mpakani kama desturi. Waliopanda hapo walikuwa watu wenye vikapu, na mtoto aliyelala begani kwa baba yake. Niliirudisha pasi mfukoni huku nikiona haya kidogo, kama mtu aliyepiga hodi katika nyumba isiyo na mlango.

Kisha ikaanza kazi ya kupanda. Penye kijiji cha Brusio reli huzunguka juu ya daraja la mawe la mviringo na kupita chini yake yenyewe, ili ipate kimo. Tirano iko meta 429 juu ya usawa wa bahari; kilele cha njia, Ospizio Bernina, kiko meta 2,253. Kwa wewe msomaji uliyewahi kufika Ngorongoro, hicho ni karibu kimo cha ukingo wa kreta, pale watu wa pwani wanapoanza kutafuta makoti. Njia nyingine za milimani zimewekewa reli ya tatu yenye meno ya kung'ang'ania; hii haina. Mahali penye mwinuko mkali kabisa hupanda meta saba kwa kila meta mia, kwa magurudumu ya kawaida, bila moshi, mkono wa chuma juu ya paa ukiugusa waya wa umeme.

Njia hiyo ilikamilika mwaka 1910, na tangu mwanzo iliendeshwa kwa umeme uliotokana na maji ya mabonde yaleyale. Reli yetu kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Ni rika moja, basi, na upana ni mmoja. Na maji tunayo: reli ya Tanga inafuatana na bonde la mto Pangani, wenye mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu na Hale, lakini vichwa vya treni vinakunywa dizeli. Sisemi nyaya zitundikwe kesho. Njia yenye treni chache hailipi gharama hiyo. Umeme kwetu umeanza na reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, nayo ina upana wa meta 1.435.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni ule mpaka. Reli ya Voi hadi Kahe ilijengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, miaka ya 1915 na 1916, ili kupeleka askari na mizinga dhidi ya Wajerumani. Amani iliporudi ikabeba ndizi, mahindi na watu. Mama mkubwa ni mzaliwa wa Taveta. Yeye na baba mkubwa walionana stesheni. Kila mwaka alipanda treni Kahe kwenda kumsalimu mama yake. Februari 1977, Jumuiya ikiwa inavunjika, mpaka ulifungwa. Mama yake alifariki mwaka 1979, na habari zilimfikia mama mkubwa arobaini ikiwa imekwisha kupita. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983.

Niliporudi nilimsindikiza Taveta. Kutoka Arusha hadi Moshi tulipanda treni, maana safari za abiria zilirejea Arusha mwaka 2020, na mama mkubwa alikaa dirishani, akiwatajia watoto wa jirani majina ya stesheni kabla hatujazifikia. Kutoka Moshi ilitubidi kupanda basi hadi Holili. Siku hizi hakuna treni ya abiria inayovuka mpaka pale. Maofisa wa nchi mbili wamo katika jengo moja, nasi tulitoka baada ya nusu saa.

Baada ya kuzuru kaburi aliniongoza hadi kwenye reli. Ilikuwa na kutu, majani yameota kati ya mataruma. Nilitandika kamba, mafundo yakakaa. Mama mkubwa aliushika mwisho mmoja, akasema, "Hapa ndipo alipokuwa akinisubiri." Sikumwuliza kama ni mama yake au mumewe.

Endamarariek baba mkubwa alitupokea kwa chai.

"Imezidi kiasi gani?"

"Haikuzidi, baba mkubwa. Ni meta moja, kule na huku."

Alinyamaza kidogo. "Na mpakani, treni yao ilisimama muda gani?"

"Muda wa abiria kushuka na kupanda."

Akaiomba kamba yake, akaifungua mafundo, akafungia mdomo wa gunia la mbaazi lililokuwa likisubiri gari la Karatu.