Tarehe ya Sindano

Naanza kwa kukiri kosa. Nilikuwa sura ya tisa ya riwaya yangu, shujaa yuko kizimbani, hukumu haijasomwa. Mama alikuwa safarini, na asubuhi ile ilikuwa zamu yangu kumpeleka mdogo wangu zahanati akachomwe sindano. Mvua inamwagika. Nikamwambia, "Tulia bwana, tutaenda kesho." Kesho ikawa keshokutwa, mwisho mwezi ukapita.

Mdogo wangu ana miaka 12. Akiwa na miaka 9 aliumwa mafindofindo, akasukutua maji ya chumvi, tukaona kapona. Wiki tatu baadaye magoti yakavimba, akawa anahema kama katoka mbio. Daktari akasema ni homa ya rumatiki. Bakteria wa kooni, waitwao streptokoka, walikwisha toweka, lakini askari wa mwili waliokuwa wakiwasaka waliugeukia moyo wake mwenyewe. Valvu moja ikaharibika. Tangu hapo ni penisilini kila wiki 4, miaka na miaka, ili bakteria wale wasipate nafasi tena.

Sasa, binti wa shangazi yangu anasoma chuo kikuu Marekani. Likizo ya kiangazi hakurudi nyumbani. Alipata nafasi kwenye maabara inayotafuta chanjo ya bakteria hao hao. Sisi tukatangaza mtaa mzima kwamba dawa inakuja. Mimi nilikwisha iandika kichwani kabisa: msichana wa Temeke, usiku wa manane, anapiga ukelele, "Nimeipata!"

Jioni moja akapiga simu. Nikamuuliza amefikia wapi.

"Nahesabu madoa, kaka."

Madoa? Akanieleza. Anachanganya bakteria na damu yenye kingamwili, anapaka kwenye visahani, kesho yake anahesabu waliosalimika. Kila bakteria aliyepona huota doa. Basi, ndiyo kazi yake kutwa.

Shida, akasema, ni koti. Bakteria huyu amevaa koti la protini, na makoti yenyewe ni ya aina zaidi ya 200. Ukiufundisha mwili kulitambua moja, mwenye jingine anapita. Tena vipande vingine vya koti vinafanana na protini za moyo wa binadamu. Mwaka 1969 madaktari wa Marekani waliripoti kuwa kati ya watoto 21 waliopewa chanjo ya majaribio, 3 walipata homa ile ile. Kwa hiyo watafiti huchagua vipande visivyofanana na moyo, wanapima, wanarudia. Chanjo ya kumpa mtoto bado haijapatikana.

"Sasa mwisho wake lini?" nikauliza.

"Sijui. Dogo kachomwa sindano mwezi huu?"

Nikanyamaza. Dogo alikuwa chumba cha pili, ana homa tangu juzi, magoti yamevimba upya. Usiku ule ule nilikodi teksi. Akalazwa, na daktari akaniambia valvu inavuja kuliko mwanzo. Mdogo wangu hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kaka, kitabu umemaliza?" We acha tu.

Sijamaliza. Juu ya meza yangu nimebandika kalenda, tarehe za sindano nimezizungushia wino mwekundu. Nanyi wenzangu mnaokesha na kalamu, mtoto akilalamika koo nyumbani, weka kalamu chini umpeleke. Shujaa wa kwenye karatasi atakungoja.