Supu, chapati na bwana afya

Mambo ya chuo yanaenda, semina ndo hizo, test ndo hizo, na bumu kama kawaida yake limeingia na kuondoka wiki hiyohiyo. Nimekuwa kimya kidogo, ila leo imebidi niandike maana kuna mjadala umetugawa hapa hosteli na sioni dalili ya kuisha. Swali lenyewe ni hili: bwana afya akifunga mgahawa tunaoutegemea kwa chai ya asubuhi, anatusaidia au anatukomoa?

Kwa wale msiopafahamu, mgahawa wenyewe hauna makuu. Uko nje kidogo ya geti, mabati juu, meza nne na mabenchi. Supu ya ng'ombe, chapati, maandazi, maharage, mayai ya kukaanga, chai ya rangi na ya maziwa. Ukiwa na kipindi cha saa moja asubuhi hapo ndo pa kukimbilia, na siku mfuko umekaza mama anakuandika kwenye daftari mpaka bumu litoke. Sasa niambieni, kafeteria gani itakuandika kwenye daftari?

Basi bwana, Jumanne ya wiki mbili zilizopita bwana afya alifika pamoja na mtendaji wa mtaa. Akakagua, akaandika, akafunga. Makosa yalikuwa matatu. Kwanza, mmoja wa mabinti wawili wanaohudumia hakuwa na cheti cha kupimwa afya. Pili, vyombo vilikuwa vinaoshwa kwenye beseni moja na kusuuzwa kwenye beseni la pili, maji yaleyale tangu alfajiri. Tatu, hakuna maji ya kunawa yanayotiririka wala choo cha wateja.

Hosteli ikapasuka pande mbili. Upande mmoja unasema huu ni uonevu kwa wanyonge, mbona mahoteli makubwa hayafungwi? Upande wa pili unasema afadhali, maana muhula uliopita kuna jamaa wa ghorofa yetu alilala na dripu siku tatu kabla ya UE na nusura adisko. Mimi nilikaa katikati, nikaona kabla ya kupiga kelele nielewe kwanza hayo makosa matatu yana maana gani. Bahati nzuri mshikaji wangu wa chumbani ana dada yake aliyesomea afya ya mazingira. Tulimpigia simu, akatupa somo la nusu saa bila ada.

Cha kwanza alichotuambia ni kwamba jamaa wa dripu hawezi kujua nani alimlisha ugonjwa. Sisi binadamu tukiharisha tunalaumu chakula cha mwisho tulichokula. Kumbe typhoid inaweza kuchukua wiki moja mpaka tatu ndani ya mwili kabla haijakulaza. Kipindupindu kinaweza kuanza ndani ya saa chache au kikasubiri mpaka siku tano. Kuna sumu nyingine za chakula zinazokutapisha ndani ya saa moja tu. Kwa hiyo ile "nilikula kwa mama asubuhi, mchana nikaugua" inaweza kuwa kweli na inaweza kuwa kumsingizia mtu.

Cha pili ni habari ya muda. Vijidudu vinapenda joto la kati, yaani kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Joto la Dar es Salaam lipo hapo katikati mwaka mzima! Kijidudu kimoja kikipata hali nzuri kinaweza kujigawa mara mbili kila dakika 20. Piga hesabu mwenyewe, watu wa hesabu mpo: baada ya saa sita kimoja kimezidi laki mbili na nusu. Ndo maana supu inayochemka jikoni mbele yako ni salama kuliko inavyoonekana, na chapati inayotoka kwenye kikaango haina shida. Kesi iko kwenye maharage ya jana yaliyolala kwenye sufuria mezani, kiporo cha wali, na kachumbari iliyokatwa alfajiri ikakaa mpaka saa nne. Na msidhani kupasha moto kunafuta kila kitu. Wapo vijidudu wanaoacha sumu kwenye chakula, wenyewe wakifa kwa moto sumu inabaki palepale.

Cha tatu ni mikono. Mkono uleule unapokea noti, unarudisha chenji, halafu unakukunjia chapati. Hapo chapati imetoka motoni safi kabisa, imechafuliwa sentimita chache kabla ya kufika kwako.

Kuhusu vile vyeti, wafanyakazi wa chakula wanatakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita. Wengi tunaona ni mradi wa kukusanya hela. Dada akatupa kisa cha mpishi mmoja wa New York, Mary Mallon, ambacho watu wa afya wanakijua sana. Mwaka 1906 watu 6 kati ya 11 kwenye nyumba aliyokuwa anapika waliugua typhoid. Mchunguzi alipofuatilia akakuta ugonjwa umemfuata huyo mama nyumba hadi nyumba, wakati yeye mwenyewe alikuwa mzima wa afya. Alikuwa amebeba vijidudu bila kuumwa. Chakula kilichoshukiwa zaidi hakikuwa cha moto, ni aisikrimu yenye matunda mabichi, kitu ambacho hakipiti jikoni. Mwaka 1907 akawekwa karantini kisiwani.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndo nilipopata jibu la mjadala wetu. Mwaka 1910 walimwachia kwa sharti asipike tena. Wakampatia kazi ya kufua, kazi yenye malipo kiduchu kuliko upishi. Mwaka 1915 hospitali moja ya wazazi hukohuko New York ilipata wagonjwa 25 wa typhoid, wawili wakafa. Kuchunguza jikoni, wakamkuta Mary yuleyule anapika kwa jina lingine. Akarudishwa kisiwani mpaka alipofariki mwaka 1938. Watu wengi wanamlaani yeye tu. Mimi nauliza, ukimkataza mtu riziki yake halafu ukamwacha na njaa, unategemea ataenda wapi? Ataenda kupika mahali usipomwona.

Na ndicho kilichotokea hapa kwetu. Mgahawa ulifungwa Jumanne, Alhamisi mama alikuwa anapika chumbani kwake. Chapati zinawekwa kwenye hotipoti usiku, asubuhi kijana anazungusha hosteli. Wateja tulikuwa walewale, chakula kilekile, tofauti ni kwamba sasa hakuna anayeona beseni, hakuna anayeona mkono, na ile supu ya kuchemka mbele ya macho haipo. Yaani katika siku zote nilizokula kwa yule mama, hizo ndo zilikuwa za hatari zaidi, na kwenye karatasi za bwana afya mgahawa ulihesabika umefungwa, kazi imekwisha.

Niliongea na mama siku hiyo. Nikampa shikamoo, akaitikia kinyonge. Akaniambia, "Mwanangu, yule baba hajanionea. Kaniambia ninachokosa. Ila hajaniambia nianze na kipi wala nitatoa wapi." Sentensi hiyo imenikaa kichwani kuliko lekcha yoyote ya muhula huu.

Jamani, msinielewe vibaya. Simlaumu bwana afya. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa kazi hiyo, na mji huu tunajua kilichowahi kutupata. Agosti 2015 kipindupindu kilianza hapahapa Dar es Salaam kikasambaa mikoa mingi, watu wakazikwa. Aliyeona ndugu yake anakauka maji mwilini kwa siku moja hawezi kuita ukaguzi uonevu. Nilipomkuta bwana afya njiani wiki iliyofuata nikamuuliza ana migahawa mingapi ya kukagua kwenye kata yake. Alicheka tu, akaniuliza kama namaanisha ile yenye leseni au yote. Halafu akasema, "Mdogo wangu, mimi nafika pale mara moja kwa miezi. Nyie mpo pale kila siku."

Hapo alinimaliza. Ukaguzi unachukua dakika kumi. Unaona aproni, unaona sakafu, unaona cheti. Hauoni maharage yalilala wapi. Hata cheti chenyewe kinasema binti alikuwa mzima siku aliyopimwa, hakisemi kama leo asubuhi amenawa baada ya kutoka chooni.

Mwisho wa yote mama alifungua tena baada ya siku nane. Hakutoa rushwa, wala hatukumchangia sisi. Akinamama wenzake wa upatu walimpa zamu yake mapema. Kwa hela hiyo binti alipimwa, ikanunuliwa ndoo yenye koki na sabuni ya kunawia, na beseni la tatu la kusuuzia lenye maji yaliyotiwa dawa ya klorini. Choo wamekubaliana na nyumba ya jirani. Bwana afya alirudi, akaangalia, akaandika, akaagiza chai. Ndio, aliagiza chai! Na alilipa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ukaguzi uwepo, tena uongezwe. Lakini anayefunga aseme kitu gani kianze, na arudi baada ya siku tatu, asisubiri miezi. Ndoo ya koki ni gharama ndogo kuliko dripu moja. Kama halmashauri inachukua ushuru kwa mama kila siku, haishindwi kumwelekeza alipo na hata kumkopesha ndoo.

Na sisi walaji tusijifanye watazamaji. Nawa mikono hata kama foleni ni ndefu. Omba chapati ya kwenye moto, subiri dakika mbili. Maharage yakija ya vuguvugu, rudisha kwa heshima, mwambie mama yachemke. Kachumbari ya saa nne iache. Anayepokea hela asishike chakula, na hilo unaweza kulisema kwa utani bila kumuudhi mtu. Jana nilimwambia binti, "Dada, hela nawekea kwenye kopo, wewe shika chapati tu." Akacheka, leo nimekuta kopo lipo mezani.

Haya, nakimbilia semina. Wa upande wa "uonevu" na wa upande wa "afadhali", karibuni tuendelee kubishana, ila mnawe kwanza.